Kutumikia na Kujitumikia: Hotuba za Mobutu Mbele ya Matendo Yake

Miongoni mwa semi za kisiasa zilizopata kuenea katika nchi zetu tangu kupatikana kwa uhuru, ni chache zilizosukwa kwa ustadi kama ule wa chama cha MPR cha iliyokuwa Zaire: kutumikia, siyo kujitumikia. Usemi huo ulitungwa kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa umejengwa juu ya kitenzi kimoja kinachotajwa mara mbili, mara ya kwanza peke yake, na mara ya pili kikiwa na neno dogo linalomrejesha mtenda kwake mwenyewe. Kiswahili chaweza kuufuata mchezo huo kwa silabi moja tu, nayo ni -ji-. Lakini kitenzi cha Kifaransa kina maana nyingine ambayo tafsiri yetu haiibebi. Mgeni akiketi mezani, mwenyeji wake akamwambia kwa Kifaransa ajitumikie, haambiwi ajifanyie kazi, anaambiwa ajipakulie. Basi tafsiri iliyo karibu zaidi na maana ingekuwa hii: tumepewa vyeo ili tuwapakulie wengine, si ili tujipakulie sisi wenyewe.

Katika makala haya tunakusudia kuzichambua semi na hotuba za Mobutu Sese Seko, aliyetawala kuanzia tarehe 24 Novemba 1965 hadi Mei 1997, tukiziweka kando ya matendo ya serikali yake. Hatukusudii kuandika upya historia ya nchi hiyo, kwani wenye kazi hiyo wamekwisha kuifanya. Tunazitazama hotuba kama mwalimu wa lugha anavyolitazama andiko lolote: nani anasema, anamwambia nani, ni kitenzi gani kilichotumiwa, na mtenda wake ni nani. Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la walimu wa Kiswahili lishughulike na jambo hili. Jibu ni kwamba katika miaka hiyo, kwa watoto wa Bukavu, Kisangani na Lubumbashi, hakuna nathari iliyosikika zaidi ya hotuba za Rais. Riwaya zilikuwa haba, magazeti yalifika kwa kuchelewa, bali redio ilisema kila siku. Tena baadhi yetu tuliimba semi hizo tukiwa wanafunzi, na baadaye tukaziimbisha tukiwa walimu.

Yafaa kwanza tumpe msemaji haki yake. Mobutu hakuwa askari tu. Kabla ya uhuru alikuwa mwandishi wa magazeti mjini Leopoldville, na alijua thamani ya sentensi fupi. Alipokuwa mbele ya umati alisema Kilingala, akauliza swali na kuusubiri umati ujibu, mithili ya fanani anayetamba hadithi na hadhira yake. Alipokuwa mbele ya wageni alisema Kifaransa safi. Wengi waliomsikia, hata waliomchukia, walikiri kwamba alikuwa na kipawa. Ufundi huo ndio unaotufanya tumchambue. Hotuba mbovu za viongozi wengine hazihitaji uchambuzi, maana hazikumdanganya mtu.

Fikra kuu ya hotuba zake tangu mwaka 1971 ilikuwa uasilia. Tarehe 27 Oktoba mwaka huo nchi iliacha jina la Kongo ikaitwa Zaire. Mto ukaitwa Zaire. Fedha ilikuwa imekwisha kuitwa zaire tangu 1967. Mwanzoni mwa 1972 Rais aliacha majina yake ya Joseph-Désiré, akawataka wananchi wote waache majina ya Kizungu na kuchukua ya mababu. Suti na tai zikapigwa marufuku, na mahali pake pakaja vazi lililoitwa abakosti. Watu wakaacha kuitana bwana na bibi kwa Kifaransa, wakaitana kwa neno la Kifaransa lenye maana ya mwananchi. Rais alifafanua kwamba uasilia haukuwa kurudi nyuma kwenye maisha ya kale, bali kuyategemea ya kale ili kujenga ya leo. Ufafanuzi huo ni mzuri, nasi tungeweza kuuandika ubaoni leo bila ya kuona haya. Mtu aliyelelewa katika nchi ambamo Mwafrika alikuwa boi hata akiwa na mvi, hawezi kuudharau mwito wa namna hiyo. Wananchi wengi waliupokea kwa furaha ya kweli, si kwa hofu tu.

Hata hivyo mwalimu wa lugha hawezi kuyapita majina hayo bila ya kuyafungua. Zaire ni neno la Kireno. Wareno waliofika kwenye mlango wa mto waliwasikia Wakongo wakitaja nzadi au nzere, yaani mto, wakaliandika jinsi masikio yao yalivyolishika. Jina la Kongo, lililoachwa, ndilo lililotokana na ufalme wa wenyeji, ufalme uliokuwapo kabla ya Wareno kutia nanga. Hivyo kwa ajili ya uasilia nchi iliacha jina la Kiafrika ikachukua kosa la masikio ya Kireno.

Jimbo la Katanga nalo likaitwa Shaba. Hapa neno ni letu wenyewe, na wasomaji wanajua kwamba sisi tulilipokea kutoka Kiarabu. Katanga lilikuwa jina la mtawala mwenyeji na nchi yake. Sababu ya kuliondoa haikuwa lugha. Jimbo hilo lilikuwa limejitenga chini ya Tshombe kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, na Kinshasa ilitaka kumbukumbu hiyo ife. Kwa hiyo watu wa jimbo zima wakaitwa kwa jina la madini yanayochimbwa chini ya miguu yao. Hatujapata kuona nchi nyingine ambamo watu waliambiwa wajirudie wenyewe kwa kuitwa jina la bidhaa. Abakosti, vazi la kuikataa Ulaya, ni kifupisho cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya suti iangamie. Na lile neno la mwananchi lilitoka moja kwa moja katika mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789.

Lakini hoja hii tusiitumie kupita kiasi, maana yaweza kutugeukia. Sisi tunaofundisha lugha iliyopokea kitabu, meza, shule na serikali kutoka kwa wageni hatuna uso wa kumlaumu mtu kwa kukopa maneno. Neno lililokopwa huwa la mwenye kulitumia, likiishi katika kazi zake na mapenzi yake. Laiti maneno hayo yangefuatwa na matendo, yangekuwa ya Kizaire kama meza ilivyo ya Kiswahili. Tatizo la uasilia haliko katika asili ya maneno yake. Liko mahali pengine, nasi twalieleza hivi: siasa hiyo ilitekelezwa kwa ukamilifu kila mahali ambapo gharama yake ilibebwa na wasikilizaji, na ikasimama kila mahali ambapo gharama yake ingembidi msemaji.

Tuangalie majina. Kuyabadili kulimgharimu kila mwananchi: vyeti, kitambulisho, madaftari, hata jina ambalo mama alimwitia mtoto. Mapadri waliotaka kubatiza kwa majina ya Kizungu walitishiwa kifungo cha miaka mitano. Kardinali Malula wa Kinshasa alipopinga, alinyang'anywa makazi yake na mwaka 1972 akalazimika kukaa Roma kwa muda. Malula huyo ndiye aliyehimiza misa isaliwe kwa lugha na ngoma za nchi, na kazi yake hiyo ilizaa ibada ya Kizaire iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988. Yaani mtu aliyekuwa akiufanya uasilia kwa mikono yake alifukuzwa na watu waliokuwa wakiutangaza. Kati ya mifano yote tuliyo nayo, huu ndio unaotusikitisha zaidi, kwa sababu unaonyesha kwamba kilichotakiwa hakikuwa kazi bali utii.

Ikaja mali. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais alitangaza kwamba mashamba, maduka na viwanda vidogo vya wageni vitawekwa mikononi mwa wananchi. Kwa maneno, hii ilikuwa haki iliyocheleweshwa. Duka la Mgiriki au la Mwasia lilikuwa limewakalia wengi kooni. Waliokabidhiwa mali hizo walipewa jina la Kifaransa, acquéreurs, nalo ni neno la ajabu, maana halisemi kama mtu amenunua, amepewa au amechukua. Walikuwa nani? Wengi wao walikuwa wakuu wa chama, mawaziri, maofisa na jamaa zao. Rais mwenyewe alijipatia mashamba makubwa yaliyounganishwa katika kampuni ya CELZA. Hapa ndipo silabi yetu ya -ji- iliporudi kimya kimya katika kitenzi. Walipouza bidhaa zilizokuwa rafuni hawakuagiza nyingine. Milango ikafungwa, wafanyakazi wakaachishwa, na katika miji mingi sukari na chumvi vikawa vya kutafutwa. Baada ya mwaka mmoja, Desemba 1974, ikatangazwa hatua kali zaidi, na kufikia 1975 na 1976 wenye mali wa zamani wakaitwa warudi kuchukua sehemu ya mali zao. Hatua ya mwisho nayo ilipewa jina zuri la Kifaransa. Kila kosa lilipewa jina zuri.

Kwa haki inatupasa kusema kwamba bei ya shaba duniani ilianguka vibaya baada ya 1974, na nchi iliyotegemea madini hayo ingeumia hata chini ya malaika. Lakini tazama jinsi madini yenyewe yalivyoshughulikiwa. Union Minière ilitaifishwa Januari 1967 kwa shangwe kubwa, na kampuni ikawa ya taifa, ikaja kuitwa Gécamines. Kazi ya kuyauza madini ng'ambo ikabaki kwa muda mrefu mikononi mwa shirika la Kibelgiji. Hali kadhalika ile njia ya umeme kutoka Inga hadi Shaba, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, ambayo ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hotuba ziliisifu kama mshipa wa taifa. Nyaya zilipita juu ya vijiji visivyohesabika bila kuviachia umeme, kwa sababu ulikuwa umeme wa aina isiyoweza kupunguzwa njiani kwa urahisi, nao ulikwenda migodini moja kwa moja. Wanavijiji waliendelea kusoma kwa kibatari chini ya mshipa huo wa taifa.

Msomaji atatukumbusha kwamba maneno na matendo hutengana katika kila nchi, na atakuwa amesema kweli. Hebu tulinganishe na jirani. Azimio la Arusha lilitolewa Februari 1967, miezi mitatu tu kabla ya tamko la N'Sele lililoanzisha MPR, na maandiko yote mawili yanazungumza juu ya kujitegemea na kuwatumikia watu. Lakini Azimio lina sehemu ambayo mtenda wake ni kiongozi mwenyewe, tena limemwekea mipaka inayohesabika: asiwe na hisa katika makampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Huko nako yapo yaliyokwenda kombo, na watu walihamishwa kwa nguvu kuingia vijijini kati ya 1973 na 1976. Masharti hayo ya viongozi nayo yalilegezwa huko Zanzibar mwaka 1991. Hata hivyo masharti yanayohesabika humpa raia kipimo. Anaweza kusimama akasema: ndugu, wewe una nyumba tatu za kupangisha. Usemi wa kutumikia, siyo kujitumikia, haumpi mtu kipimo chochote. Ni mzuri mno hata hauwezi kuvunjwa.

Katika shule jambo hili lilituhusu sisi, nasi twaomba tulikalie kidogo. Mwisho wa 1974 serikali ilizichukua shule za makanisa. Somo la dini likaondolewa, mahali pake pakashikwa na mafunzo ya chama, na picha ya Rais ikatundikwa palipokuwa na msalaba. Asubuhi kabla ya masomo palikuwa na bendera, nyimbo za kumsifu kiongozi na michezo ya kisiasa, ambayo watoto walijifunza kwa bidii kubwa kuliko hesabu. Kisha mwaka 1977 serikali ikawarudishia makanisa kazi ya kuziendesha shule, kwa kuwa ilikuwa imeshindwa. Wakubwa wengi walikuwa hawajasubiri. Watoto wao walikuwa wakisoma Ubelgiji na Uswisi. Hatusemi kwamba mzazi akimtafutia mwanawe shule nzuri anafanya dhambi. Twasema kwamba uasilia ulikuwa somo la lazima kwa watoto wa watu wengine.

Na lugha? Kama pana mahali ambapo siasa ya kuyategemea ya mababu ingepaswa kuanzia, ni ulimi. Nchi ilikuwa na lugha nne zilizosemwa na mamilioni ya watu na kuvuka mipaka ya makabila: Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Kiluba. Mwaka 1974 wanaisimu wa nchi hiyo walikutana Lubumbashi wakapendekeza lugha hizo zipewe nafasi ya kweli katika elimu. Hazikupewa. Jina la baba likabadilishwa kwa amri katika muda wa miezi michache, lakini Kifaransa kikabaki lugha ya sheria, ya chuo kikuu, ya gazeti la serikali na ya karibu masomo yote. Mtoto aliyepewa jina la babu yake aliitwa jina hilo na mwalimu, kisha akafundishwa jiografia ya mto wake kwa lugha ambayo babu huyo hakuijua.

Sisi wa mashariki tulikuwa na shida ya ziada. Semi za chama zilitujia kwa Kilingala, nacho kilikuwa pia lugha ya jeshi tangu enzi za Wabelgiji. Salongo, kazi ya lazima ya kusafisha barabara na kulima, ilitujia kwa jina hilo la Kilingala, na wazee waliolikumbuka kazi la kulazimishwa la mkoloni hawakuona tofauti isipokuwa jina. Kilingala ni lugha tamu, yenye muziki ambao sote tumeucheza, wala haina hatia. Lakini kwa mama wa sokoni aliyekuwa akisimamishwa kizuizini, Kilingala kilikuwa sauti ya mtu mwenye bunduki anayetaka kitu. Kiongozi aliyetaka kuunganisha taifa kwa lugha asingeliacha jambo hilo miaka 32 bila ya kulitazama.

Tuje sasa kwenye hotuba ambayo kwa maoni yetu ni bora kuliko zote alizotoa, ile ya Novemba 1977 juu ya ugonjwa wa Zaire. Mbele ya wakuu wa chama Rais alisema kwa uwazi usio wa kawaida kwamba katika nchi yake kila kitu kinauzwa na kila kitu kinanunuliwa. Kwamba mwenye kipande chochote cha madaraka hukitumia kujipatia fedha au mali. Kwamba hata haki ya kuonana na mkuu wa ofisi au kumwandikisha mtoto shuleni imetozwa kodi isiyoonekana. Hakuna mpinzani aliyewahi kuyasema hayo vizuri zaidi. Wasikilizaji wengi walidhani kwamba sasa mambo yatabadilika. Lakini tutazame vitenzi. Vitu vinauzwa, vitu vinanunuliwa, kodi imetozwa. Ni kauli ya kutendwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika Kiswahili tungeweza kuuliza swali dogo la darasani: na nani? Kauli ya kutendwa huruhusu mtenda atajwe baada ya na, au aachwe. Aliachwa. Ugonjwa ulikuwa wa Zaire, wala si wa mtu, na daktari alikuwa ndiye yule yule aliyekuwa akilitangaza jina la ugonjwa. Mwaka uliofuata Shirika la Fedha la Kimataifa lilimpeleka Mjerumani Erwin Blumenthal akasimamie benki kuu. Aliondoka mwaka 1979, na katika taarifa yake ya 1982 alieleza kwamba waliokopesha nchi hiyo wasitumaini kurudishiwa fedha zao. Yeye alimtaja mtenda.

Wakati huo huo kule Gbadolite, katika jimbo la Ikweta, palikuwa pakijengwa makasri, na uwanja wa ndege wenye barabara ndefu ya kutosha Concorde kutua.

Pana jambo moja ambalo kwa muda mrefu tulilihesabu kuwa ni mafanikio safi ya hotuba zake. Tarehe 4 Oktoba 1973 mbele ya Umoja wa Mataifa alidai kwamba kazi za sanaa zilizochukuliwa na wakoloni zirudishwe kwa wenyewe, na Desemba mwaka huo Baraza Kuu likapitisha azimio nambari 3187 kuhusu jambo hilo. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha zaidi ya vitu mia moja kwenye makumbusho ya Kinshasa. Hapo neno lilizaa tendo, tena tendo ambalo nchi nyingine za Afrika zinalidai mpaka leo. Wala hatubadili sifa hiyo. Lakini katika vurugu za miaka ya 1990, askari wasiolipwa walipokuwa wakipora miji, makumbusho nayo yaliibwa, na baadhi ya vitu vilivyokuwa vimerudishwa vikaonekana tena katika masoko ya sanaa ya Ulaya. Vilikwenda vikarudi, kisha vikaenda tena, safari hii vikiuzwa.

Fedha ya zaire ilipoanza mwaka 1967 moja ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Mwishoni mwa 1992 ilitolewa noti ya zaire milioni 5, wafanyabiashara wakaikataa, askari waliolipwa kwa noti hiyo wakaasi Januari 1993. Mwaka huo huo zaire mpya moja ikabadilishwa na za zamani milioni 3. Kwa kuwa fedha, mto na nchi vilikuwa na jina moja, mtu alipoitukana noti mkononi mwake alikuwa ameitukana nchi bila kukusudia.

Hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, ambayo ndani yake alitangaza mwisho wa chama kimoja na akashindwa kuyazuia machozi, imetajwa mno na wengine, nasi tutaipita upesi. Tutasema tu kwamba haikufika wiki tatu, usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei, wanafunzi walishambuliwa katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Idadi ya waliouawa inabishaniwa mpaka sasa. Baadhi yao walikuwa wakisomea ualimu.

Na sisi? Itakuwa unafiki kumaliza uchambuzi huu tukiwa tumesimama pembeni kana kwamba tulikuwa watazamaji. Semi za chama tuliziandika ubaoni kwa chaki yetu, na tuliwasahihisha watoto waliokosea herufi. Tuliwachagua wenye sauti nzuri waimbe mbele ya wageni wa chama. Wengine miongoni mwetu tuliamini, wengine tuliogopa, na wengine tulikuwa tukiutafuta mshahara uliokuwa ukipungua kila mwezi. Hatukuwafundisha wanafunzi kuuliza mtenda ni nani, ingawa swali hilo lilikuwamo katika vitabu vyetu vya sarufi, sura ya kauli ya kutendwa, wiki chache tu baada ya sura ya -ji-. Tuliwapa mifano ya kikombe kilichovunjwa na Juma.

Mobutu aliondoka Kinshasa Mei 1997 na kufa Rabat, nchini Moroko, tarehe 7 Septemba mwaka huo. Aliyejipa jina refu kuliko viongozi wote wa Afrika amezikwa huko chini ya herufi tatu. Zaire ikawa Kongo tena, na Shaba ikawa Katanga, ingawa wazee bado husema Shaba wakijisahau. Mishahara ya walimu haikurudi pamoja na majina hayo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazazi ndio waliokuwa wakichanga fedha za kumlipa mwalimu, yaani ile kodi ya hotuba ya 1977, isipokuwa sasa ilionekana na ilikuwa na stakabadhi. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoandikwa katika katiba ya 2006, ilianza kutekelezwa mwaka 2019, na madarasa yakajaa kuliko idadi ya madawati.

Katiba hiyo hiyo, katika kifungu chake cha kwanza, inazitaja lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo, na inaiagiza serikali izikuze bila ya ubaguzi. Mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, unaofanywa na watoto wa Goma na Bukavu na Lubumbashi, bado huandikwa kwa Kifaransa.